Mguu Wako na Kadi Zangu Mbili

Nekesa, mama yangu,

Barua yenye adabu huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua: umelala ng'ambo ya pazia hili na unakoroma kama babako. Sanduku limefungwa kwa kamba. Mambo ya sweta, mafuta ya kujipaka, na watu wa kutowaamini ukifika Kericho, mamako ameyarudia tangu Jumapili mpaka hata kuku wanayajua. Mimi siongezi hapo. Nina jambo moja tu, na hilo moja linanitoa jasho.

Jana tukipukuchua mahindi uliniuliza, "Baba, yule daktari wa kampuni ya chai akiniuliza juu ya mguu wangu, nimwambie nini?" Mamako akadakia, "Mwambie ulizaliwa nayo hivyo." Nami, kwa haraka ya mtu anayejua kila kitu, nikasema, "Mwambie umeteguka juzi juzi tu." Ukatutazama sote wawili, ukasema, "Haya," ukaendelea kupukuchua. Hiyo "haya" yako naijua tangu ukiwa mdogo. Ni haya ya mtu aliyeona kwamba hapa hakuna msaada, bora atafute mwenyewe.

Nilitoka nikajifanya naenda kutazama paa la jiko. Ukweli ni kwamba nilitoka kwa sababu sikujua jibu, na bado sina uhakika nalo. Lakini kesho utapanda gari uende kuanza kazi, na huyo daktari atakupima kabla hawajakuingiza kwenye bima yao. Yule daktari wa mifupa aliyekuja kukupima mwaka jana alisema mguu wako bado unaweza kunyooshwa: wauvunje upya, wauvute, ulale kitandani wiki nyingi. Kwa hiyo ulichoniuliza jana hakikuwa kitu kidogo. Ulikuwa unauliza kama mguu huu utatibiwa siku moja, na kwa kadi ipi. Nami nikakujibu kama mtu anayefukuza nzi.

Acha nianze nilipoanza kupotea.

Wewe hukumbuki siku kampuni yetu ilipoleta bima yake, ulikuwa mdogo. Pale kiwanda cha nguo tulikuwa tayari na ile kadi ya serikali ya matibabu. Hiyo hukatwa kwenye mshahara hata kabla hujauona, na sisi tuliizoea kama tulivyozoea baridi ya Julai. Halafu meneja akatangaza kwamba sasa kutakuwa na bima nyingine, ya kampuni binafsi kutoka Nairobi, na kila mfanyakazi atapewa kadi ya plastiki, yeye na mke wake na watoto. Ile kadi ilikuwa inang'aa, Nekesa! Niliibeba mfuko wa shati, mbele, ili ionekane kidogo.

Watu hawakuelewa. Wakaniambia, "Mwenyekiti, wewe umesoma mpaka form two, tuelezee hii maneno." Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusaidiana, kile cha matanga na harusi. Mwenyekiti hawezi kusema hajui. Nikasimama kantini, nikakohoa, nikaeleza jambo ambalo nilikuwa sijaelezwa na mtu yeyote.

Niliwaambia bima ni harambee. Hiyo ndiyo lugha tuliyokuwa nayo. Sisi tumejenga shule kwa harambee, kanisa kwa harambee, hata ile wadi mpya ya hospitali ya wilaya mamako alitolea kuku. Kila mtu anatia, na mwenye shida anachukua. Mpaka hapo sikukosea sana. Lakini harambee ina adabu zake, na mimi nikazibeba zote nikaziingiza mahali zisipohusika. Nikasema: mtu akichangiwa na kanisa kwa shida moja, hawezi tena kuzunguka kwa ukoo kuchangiwa shida hiyo hiyo. Huyo tunamwita mwizi. Nikasema: sasa mna sahani tatu. Kuna hospitali ya serikali ya bure, hiyo ni sahani ya wasio na kazi, msiwanyang'anye vitanda vyao. Kuna kadi ya serikali, na kuna kadi ya kampuni. Mgonjwa akiugua chagueni moja. Mtu haalikwi chakula cha mchana nyumba mbili.

Walipiga makofi! Mzee mmoja wa idara ya rangi aliniambia sijawahi kusikika vizuri namna hiyo. Nilitembea kurudi nyumbani Langas nikiwa mrefu.

Mwaka haukuisha, ukaanguka kutoka trela ya mahindi kule Burnt Forest, tulipokwenda kumsaidia rafiki wa mamako kuvuna. Siku hiyo unaikumbuka kuliko mimi. Mfupa wa paja ulivunjika vibaya. Watu walitaka tukukimbize hospitali ya wilaya, na mimi, nikiwa na plastiki yangu mfukoni, nikasema hapana, huyu ana kadi. Tukaenda ile hospitali ya binafsi yenye sakafu ya kung'aa. Sitaki kusema uongo: walikutunza vizuri. Walikulaza, wakaufunga mguu kwa kamba na vyuma vya uzito uvutwe mpaka mfupa ujipange. Daktari alituambia wazi kwamba hapo dawa kubwa ni kitanda. Ukae ulale, ulale, ulale.

Basi kitanda kina bei yake kila kukicha. Siku moja karani aliniita dirishani akaniambia fungu la kampuni kwa mwaka ule limefika mwisho. Bima ya binafsi ina kipimo, ikifika pale inasimama, hata kama mgonjwa hajasimama. Sikujua kuna kipimo. Mimi nilidhani nimepewa mto, kumbe nimepewa mtungi.

Mamako alikuwa kando yangu. Akaninong'oneza, "Si kuna ile kadi ingine? Ile ya serikali?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimpa hotuba. Pale pale dirishani, mtoto wetu akiwa amening'inizwa mguu wadini, nilimwambia mamako habari ya sahani mbili. Nilimwambia nimesimama mbele ya watu wazima nikasema ni wizi, sasa watu hao wakisikia mwenyekiti ndiye wa kwanza? Akasema, "Basi tumpeleke wilaya, huko ni bure." Nikasema hatuwezi kwenda kulala vitanda vya maskini na sisi tuna kadi mbili. Akaniuliza, "Sasa hizo kadi mbili zinasaidia nani?" Mamako hakusoma hata darasa moja, lakini swali lake hilo mpaka leo hakuna aliyelizidi.

Daktari alikataa kukuachilia. Nikatia sahihi kwamba nakuchukua kwa hiari yangu. Tukakulaza nyumbani juu ya ubao, mzee mmoja akawa anakuja kukukanda kwa mafuta, na wewe ukawa unalia mpaka majirani wa Langas wakawa wanaleta uji ili wapate sababu ya kuingia kukutazama. Mfupa uliunga. Uliunga ukiwa mfupi.

Hayo unayajua. Umenitania nayo miaka yote: "Baba, nipe kadi nikanunue mguu." Huwa nacheka. Nacheka kwa sababu ukinitania najua hujanikasirikia siku hiyo, lakini inauma, Nekesa. Inauma sana.

Ambalo hulijui vizuri ni jinsi nilivyokuja kujua. Kuna kijana alikuwa kwenye mashine za kusokota, Kiprop. Mke wake alijifungua kwa kupasuliwa, akalazwa siku nyingi. Tukasikia amelipiwa na kadi zote mbili. Mimi, ambaye mtoto wangu alikuwa nyumbani anajifunza kutembea kwa fimbo, nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo siielewi. Niliitisha kikao kantini.

"Wewe Kiprop," nikamwambia mbele ya wote, "unakula kwa nyumba mbili?"

"Mzee, mimi nakatwa kote kote," akasema. "Sasa makosa iko wapi?"

"Makosa ni kuchukua mara mbili kwa shida moja!"

"Lakini sikuchukua mara mbili. Hii ililipa kitanda, ile ikalipa ile ingine."

"Mnaona? Anakubali mwenyewe!"

Watu wakaguna. Mkuki kwa nguruwe huwa mtamu. Tukamtoza faini ya desturi ya kikundi chetu: anunulie kila mtu soda na mkate. Akanunua. Hakubishana tena, alikuwa kijana mwenye heshima, na nadhani alikuwa na furaha ya mtoto bado moyoni. Tukaanza kunywa.

Afisa wa wafanyakazi akapita akatuona, akauliza tunasherehekea nini. Nikamweleza, tena kwa majivuno, nikidhani atanipongeza kwa kulinda mali ya kampuni. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Mzee, hiyo ndiyo namna inatakiwa! Ya serikali inatangulia, inalipa kitanda. Yenye imebaki, bima ya kampuni inamalizia. Mwenye anaficha ile ya serikali ndiye anafanya ile ya kampuni iishe mapema." Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani wewe wakati wa msichana wako ulifanya aje?"

Soda ilikuwa mdomoni. Sikuweza kuimeza wala kuitema. Kantini nzima ikanigeukia, kwa sababu wote walijua nilifanya nini. Walinisifu nilipofanya. Kiprop ndiye aliyetangulia kuniambia neno. Alisema, "Mzee, keti tu, maliza soda." Nimekutana na maneno makali maishani, lakini hakuna yaliyonichoma kama huruma ya kijana yule.

Niliporudi nyumbani ulikuwa unatoka dukani na kibiriti, ukija kwa ule mwendo wako. Uliniona ukaharakisha. Ukiharakisha ndipo kuchechemea kunapoonekana zaidi. Nilipita nyuma ya nyumba nikalia, na mamako akaja akasimama karibu yangu. Angesema "nilikuambia" ningeshukuru, lakini hakusema, wala hajasema mpaka leo.

Kiprop tulimrudishia soda zake, yaani nilimrudishia mimi, na nikaacha uenyekiti. Usidhani basi nilikuwa nimeelewa. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza uliza, na kila ninayemuuliza ananiongezea fundo kwenye uzi. Nilidhani ile hospitali ya wilaya ni ya bure, sadaka ya serikali kwa wasio na kitu. Mwalimu mmoja akanicheka: sukari unayonunua, sabuni, sigara, mshahara wako wenyewe, kote humo kuna kodi, na kodi ndiyo inayolipa yule nesi. Kumbe kile kitanda nilichokataa kwa kuwaonea maskini huruma nilikuwa nimekilipia miaka mingi! Hata nyanya yako kule kijijini, ambaye hajawahi kushika kadi yoyote, amekilipia kwa vijiko vya sukari. Katika harambee jina lako linasomwa na watu wanakupigia makofi. Kwa kodi hakuna anayekusoma. Labda ndiyo maana tunasahau kwamba ni mali yetu.

Halafu nilipoanza kuzoea hilo, serikali ikatangaza kwamba hata huko wilaya sasa mgonjwa atachangia kidogo dirishani. Nikachanganyikiwa upya. Nimelipa kwa sukari, nimelipa kwa kukatwa, kampuni imenilipia kwa jasho langu, na bado kuna dirisha? Niliuliza kwenye baraza, na chifu akaniuliza kama nina shida na serikali. Nikasema sina, nina shida na dirisha. Watu walicheka, mimi nikaketi haraka. Wewe ukiuliza mambo kama hayo, angalia kwanza nani amekaa karibu.

Sasa nirudi kwa daktari wako wa chai.

Bima ya binafsi, mama, ni mtu anayenunua ng'ombe sokoni. Kabla hajatoa pesa anamfungua mdomo ng'ombe ahesabu meno. Ndiyo maana wanakupima na kukuuliza una jeraha gani la zamani. Ukimwambia ukweli, nimeambiwa, watauzungushia mguu wako ua: watakutibu malaria, meno, kifua, hata ukivunjika mkono, lakini mguu huo hawataugusa. Ndiyo maana nilikuambia useme umeteguka juzi. Nilitaka kuwapita kwa ujanja. Lakini nimekaa hapa nikafikiri: daktari atakayeupasua ataona mfupa ulioungana zamani, na watakaposoma hayo watakufuta kwenye bima yao, labda na kwenye kazi. Nami nitakuwa nimeuvunja mguu huo mara ya pili.

Ile ya serikali haifungui mtu mdomo. Haikuulizi ulianguka lini wala baba yako alikuwa na akili gani. Ukianza kukatwa mshahara imekuchukua ulivyo, mguu na yote. Ina udhaifu wake, foleni ni ndefu, blanketi ni nyepesi, inalipa kitanda lakini mengine unaweza kuambiwa utafute. Hata hivyo madaktari wa mifupa wenye mikono mizuri wako hospitali kubwa ya serikali, ndivyo yule daktari wa mwaka jana alivyosema mwenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo jibu langu la jana nalifuta. Mwambie daktari ukweli: niliumia nikiwa darasa la nne, uliunga vibaya. Acha wauzungushie ua wao. Kadi yao itumie kwa mengine yote bila haya, na mguu upeleke kwa ile ya serikali. Na pale ambapo zote mbili zinaweza kusaidiana, ziweke zote mbili juu ya meza, waziwazi. Hivyo ndivyo ninavyofikiri. Nimewahi kufikiri kwa uhakika zaidi ya huu na nikakosea, kwa hiyo baada ya kunisikia mimi, uliza mtu mwingine. Kisha muulize wa tatu. Mtu akikujibu haraka kama nilivyokujibu jana, mshuku.

Linabaki moja. Mwaka jana, daktari alipotoka, ulisema hutaki kuvunjwa tena. Mamako alidhani unaogopa maumivu. Mimi nilikuwa mlangoni nikasikia ulivyomnong'oneza: "Siogopi kulala hospitali. Naogopa kulala nikingoja siku Baba atakuja kunitoa." Nilirudi nyuma polepole usijue nimesikia. Sikujua la kusema na nikaona afadhali ninyamaze, na mzigo wa kunyamaza kwangu umeubeba wewe mwaka mzima.

Basi nasema leo. Ukiamua kutotibiwa, mguu ni wako, sitakusumbua, na utabaki mzuri machoni pangu kama ulivyo. Ukiamua kutibiwa, nitumie habari. Mwaka huu sijaenda likizo na sitaenda, naiweka kwa ajili hiyo. Nitakuja nikae chini ya kitanda chako ikibidi. Karani akija, mimi ndiye nitakayetoka naye nje kuzungumza, wewe ulale. Wakileta karatasi yoyote ya kukutoa kabla ya wakati, kalamu nitakupa wewe, na ukikataa, tutakaa wote wawili hapo hapo mpaka waite askari.

Ni mimi, babako.